Namba Nne Kwenye Kipande cha Karatasi: Kwa Anayesafiri na Gari-Nyumba Ugenini kwa Mara ya Kwanza

Juu ya usukani wa gari-nyumba tulilokodi kwa safari yetu ya kwanza, mume wangu alibandika kipande cha karatasi chenye namba nne: kimo mita 2.95, upana mita 2.35, urefu mita 7.10, uzito kilo 3,500. Karatasi ile ilikaa pale kwa wiki mbili, kutoka Folkestone, Uingereza, hadi Santander, Hispania, na kama ningeombwa nimpe msafiri mgeni kitu kimoja tu kabla hajavuka bahari, ningempa karatasi ya namna hiyo pamoja na utepe wa kupimia, ili namba azipate kwa mkono wake mwenyewe.

Sisi ni watu wa Tanga tunaoishi kusini mwa Uingereza na watoto wetu wawili, na kabla ya safari hiyo hakuna aliyekuwa ameendesha chombo kikubwa kuliko gari dogo la familia. Gari-nyumba, kwa asiyelijua, ni gari la ukubwa wa basi dogo ambalo ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, friji, choo, bafu, tangi la maji safi na tangi jingine la maji yaliyokwisha kutumika. Wengi wanaojiandaa kulitumia kwa mara ya kwanza humaliza muda wao wakichagua miji na fukwe. Naandika haya kwa sababu yaliyotutaabisha siku za mwanzo hayakuwa barabara wala lugha. Yalikuwa mambo ya gari lenyewe, na karibu yote tungeweza kuyajua tungali nyumbani.

Nianze na uzito, kwa kuwa ndio unaopuuzwa kuliko yote. Leseni ya kawaida ya daraja B, Uingereza na katika Umoja wa Ulaya, humruhusu dereva kuendesha gari lisilozidi kilo 3,500 likiwa limeshapakiwa kila kitu. Waliofaulu mtihani wa Uingereza kabla ya Januari 1, 1997 huwa na ruhusa ya kufika kilo 7,500, lakini wengi wetu tuliohamia baadaye hatumo katika kundi hilo. Ndiyo maana magari-nyumba mengi ya kukodi husajiliwa kwa kilo 3,500 kamili, na kilo hizo husikika kuwa nyingi mpaka uanze kutoa. Letu lilikuwa na kilo 3,060 likiwa halijapakiwa, pamoja na dereva na mafuta. Zilibaki kilo 440 kwa ajili ya abiria watatu, maji, chakula, nguo, viti, meza na baiskeli. Aliyetukodisha alitupa maelezo ya dakika ishirini na kutuambia tubebe tutakacho.

Nilimpigia simu mzee mmoja wa Mombasa anayeishi Leicester, ambaye amekuwa akizunguka Ulaya na gari-nyumba tangu alipostaafu. "Mwanangu," aliniambia, "pakieni kila kitu, jazeni maji, ingieni nyote, kisha lipelekeni mizani. Msikisie." Dereva wa lori au basi anayepita Vigwaza hahitaji kuelezwa maana ya mizani, lakini sisi wenye magari madogo hatujawahi kupanga foleni pale, na hatuna mazoea ya kufikiri kwamba sufuria na magodoro vina sheria yake. Tulikwenda kwenye mizani ya umma iliyokuwa karibu, tukalipa ada ndogo, na kipimo kikasoma kilo 3,615.

Tulizidisha kilo 115 bila kubeba chochote tulichokiona kuwa cha ziada. Tiba ya kwanza ilikuwa maji, kwani lita moja ya maji ni kilo moja na tangi letu lilikuwa na lita 100. Kusafiri na lita 20, kisha kujaza tukifika, kulituondolea kilo 80 mara moja. Tukashusha baiskeli ya mume wangu, jiko la mkaa la chuma na nusu ya makopo ya chakula, tukarudi mizani, tukapata 3,490. Gari lililozidi uzito huchelewa kusimama, huchosha tairi, na likipata ajali huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa. Isitoshe, polisi wa nchi nyingi za Ulaya wana mamlaka ya kulipima njiani, kukutoza faini na kukuzuia usiendelee mpaka upunguze mzigo. Ukiwa unachuchumaa kukagua tairi, tazama pia namba nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwake: 2319 maana yake ni tairi lililotengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari-nyumba husimama miezi mingi bila kutembea, hivyo tairi huweza kuonekana jipya kwa kashata zake ilhali mpira wenyewe umezeeka.

Kimo nacho kina mambo yake. Maegesho mengi ya maduka makubwa Ufaransa yamewekwa vyuma vya kuzuia vyombo vinavyozidi takribani mita mbili, na ukishaingia na foleni nyuma yako hakuna pa kugeuzia. Kwenye barabara za kulipia za Ufaransa, gari lenye kimo cha kati ya mita 2 na mita 3, na uzito ulioandikishwa usiozidi kilo 3,500, hulipa kwa daraja la pili. Likifika mita 3 hupanda daraja la tatu. Letu la mita 2.95 lilikuwa limebakiza sentimita tano, kwa hiyo sanduku la juu ya paa lingetugharimu fedha kila kituo. Kikubwa zaidi ni madaraja ya kupita chini yake. Ramani ya kawaida ya simu haijui kimo cha gari lako. Katika kijiji kimoja cha bonde la mto Loire ilituongoza kwenye njia nyembamba iliyoishia chini ya daraja la reli lenye kibao cha mita 2.6. Mume wangu alisoma kibao, akasoma karatasi, akasimama. Tulirudi kinyumenyume karibu mita mia tatu, mimi nikitembea nyuma ya gari na kuomba radhi kwa kila dereva. Tangu siku hiyo tulitumia programu ya ramani inayokubali kuingiziwa vipimo vya gari, nami nashauri ulipie programu hiyo kabla hujalipia kitu kingine chochote cha starehe.

Urefu hukuumiza kwa namna mbili. Mkia wa gari hutokeza mbali nyuma ya magurudumu, kwa hiyo ukikata kona kulia, mkia huenda kushoto. Tuliuparuza kwenye nguzo ya kambi, yaani uwanja wa kulipia wa kulaza magari-nyumba, siku ya tatu, na amana yetu ikapungua. Namna ya pili ni tiketi ya feri, ambayo huuzwa kwa urefu na kimo. Kibebeo cha baiskeli kinachoning'inia nyuma ni sehemu ya urefu huo, na asiyekitaja huweza kudaiwa nyongeza bandarini au kuambiwa nafasi yake haipo.

Sasa makaratasi, hasa kwa sisi wenye pasi za nyumbani. Kibali cha kuishi Uingereza hakimwondolei Mtanzania wala Mkenya haja ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Sisi tulipanga siku tisa Ufaransa na tano Hispania, hivyo tuliomba kwa Wafaransa. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe kupita siku kumi na tano kabla yake, ingawa wakati wa kiangazi kupata miadi peke yake huchukua wiki kadhaa. Ada ya mtu mzima ni Euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu inayotakiwa ni ya angalau Euro 30,000. Ugumu wa msafiri wa gari-nyumba ni kwamba anaulizwa atalala wapi kila usiku, ilhali raha ya safari hii ni kutokujua. Tulihifadhi nafasi kwenye kambi zinazokubali kufutwa bila gharama, tukaandika ratiba ya siku baada ya siku yenye umbali wa kila hatua, na tukaambatanisha mkataba wa kukodi gari. Ratiba iwe ya kweli. Andika unachokusudia kufanya, kisha ukikifuata kwa sehemu kubwa huna wasiwasi. Anayetaka kuvuka kutoka Hispania kwenda Morocco na kurudi ahakikishe viza yake inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Wote, wenye viza na wasiohitaji viza, wanahesabiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, na tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa mipakani wa Ulaya umeanza kuchukua picha na alama za vidole badala ya muhuri, kwa hiyo fika mapema.

Gari la kukodi lina karatasi zake. Omba ruhusa ya maandishi ya kulitoa nje ya nchi. Kwa gari lililosajiliwa Uingereza cheti hicho huitwa VE103 na hushika nafasi ya kadi ya usajili ambayo mkodishaji hakupi. Uliza kama leseni yako inakubalika na kampuni ya bima, wala usitosheke na kwamba inakubalika kwa polisi. Kama njia yako inapita Austria au Uswisi, nunua stika ya malipo ya barabara, ya karatasi au ya kielektroniki, kabla hujaingia barabara kuu. Na kabla sijasahau, tangu Januari 2021 msafiri anayetoka Uingereza hawezi kuingiza nyama wala maziwa katika Umoja wa Ulaya, hata kama ni kuku uliyempika mwenyewe kwa ajili ya njiani. Unga wa sembe, mchele na bizari zetu zilivuka salama.

Ushauri wa pili wa yule mzee ulikuwa tulale usiku mmoja kwenye kambi iliyo upande wetu wa bahari. Tulilala Kent, kilomita chache kutoka kituo cha treni ya chini ya bahari, na usiku ule ulikuwa na faida kuliko video zote nilizotazama. Tuligundua kwamba pampu ya maji ina swichi yake, kwamba friji ya gesi haipozi vizuri gari likiwa limeinama, kwamba kabari mbili za plastiki chini ya magurudumu ndizo zinazotengeneza usingizi, na kwamba funguo ya mlango wa sehemu ya mtungi wa gesi haikuwamo kwenye shada tulilopewa. Tulimpigia aliyetukodisha, akaileta asubuhi. Tungekuwa Bordeaux, tungekula mkate mkavu. Siku ya kukabidhiwa gari, omba saa nzima, mwambie akuonyeshe kila kitu kikifanya kazi, na umrekodi kwa simu, kwa sababu maelezo ya mambo arobaini hayakai kichwani.

Kuendesha upande wa kulia si kitu kigeni kwa aliyewahi kuvuka Rusumo kwenda Rwanda, lakini wengi wetu tumezaliwa na kukulia kushoto. Barabara kuu si mahali pa hatari, maana mkondo wa magari hukubeba. Hatari iko asubuhi, ukitoka kwenye kituo cha mafuta au duka la mikate kijijini, barabara ikiwa tupu na mawazo yako yako kwenye chai. Tulikubaliana kwamba kila tunapoondoka, anayekaa kando ya dereva aseme kwa sauti, "Kulia," hata kama inaonekana ni utoto. Kwa gari lenye usukani upande wa kulia, abiria huyo pia ndiye anayechukua tiketi na kulipa kwenye vituo vya barabara, kwa kuwa mashine ziko upande wake, na ndiye anayeona kama inawezekana kupita lori. Ufaransa kuna kanuni nyingine inayowashtua wageni: ndani ya miji na vijiji, pasipokuwa na kibao wala mstari, anayetokea kulia ana haki ya kupita kwanza, hata akiwa anatoka kichochoroni. Kwenye pampu, dizeli huandikwa gazole na huwekwa alama ya B7 ndani ya mraba. Petroli ni duara lenye E5 au E10. Tazama alama hiyo kila mara, kwa sababu kujaza petroli kwenye injini ya dizeli kunamaliza safari.

Usipange zaidi ya kilomita 250 kwa siku. Tulipanga 450 siku ya kwanza kwa kuamini kasi ya gari dogo, tukafika Chartres usiku, watoto wakilia, ofisi ya kambi imefungwa. Baada ya hapo tulifika kila mahali kabla ya saa kumi alasiri, wakati nafasi bado zipo na mwanga wa kuegeshea upo. Kambi nyingi za Ufaransa hufunga ofisi mchana kwa chakula, hivyo kufika saa saba mchana ni kukaa nje ya geti.

Mahali pa kulala pana ngazi. Kambi kamili ina mabafu, umeme na watu wa kuuliza, nami nashauri usiku tatu za mwanzo ziwe huko. Ukishazoea, kuna maeneo maalumu ya magari-nyumba ambayo Wafaransa huyaita aire na Wajerumani Stellplatz: sehemu ya kuegesha, bomba la maji, shimo la maji machafu, mara nyingi kwa malipo madogo na wakati mwingine bila malipo kabisa, kwa sababu kijiji kinajua kwamba utanunua mkate na mboga zake. Hapo hapakusudiwi kutandaza viti na kamba za nguo. Hispania wanatofautisha waziwazi kuegesha na kupiga kambi. Gari lililosimama kihalali na ambalo halijatoa chochote nje limeegeshwa, lakini ukishafungua turubai umepiga kambi, na palipokatazwa utatozwa faini. Ureno wamekuwa wakali zaidi, hasa kwenye maeneo ya pwani yaliyohifadhiwa. Mahali ambapo sitalala kamwe ni vituo vya mapumziko vya barabara kuu, hata pawe na mwanga na magari mengi. Wezi huko wanajua kwamba waliomo ni wageni waliochoka na kwamba pasi zote za familia zimo ndani. Endesha dakika kumi zaidi, toka barabara kuu, ulale kijijini.

Kuhusu choo nitasema kwa uwazi, kwa kuwa maandishi mengi ya wageni hayakufikiria watu kama sisi. Chini ya choo kuna chombo cha kuvuta nje, huitwa kaseti, na letu lilikuwa la lita 18. Mwongozo ulisema familia ya watu wanne hukimwaga kila baada ya siku mbili au tatu. Sisi tunastanji kwa maji, na kikajaa kila siku. Ilivyokuwa kwa choo ndivyo ilivyokuwa kwa tangi la maji safi: udhu mara tano kwa watu wanne hutumia maji ambayo mtengenezaji hakuyahesabu. Tulinunua kopo dogo lenye mdomo mwembamba, tukapima lita moja kwa mtu kwa udhu, na tukawa tunachagua vituo vyenye bomba, badala ya kuamini kwamba tunaweza kukaa siku tatu porini. Kaseti imwagwe mahali palipowekwa tu, vaa glavu, na usiguse bomba la maji ya kunywa kwa mkono ule ule. Mpira wa kujazia maji uwe wako mwenyewe, kwani hujui aliyetangulia aliutumia ule wa pale kuoshea nini.

Umeme wa kambini hugawiwa kwa ampea, yaani kipimo cha mkondo wa umeme. Ukipewa ampea 6 kwenye volti 230, una wati 1,380 tu. Birika la kawaida la nyumbani huvuta wati 2,000 na kuendelea, na swichi ya usalama itajizima, pengine ikiwa ndani ya kisanduku kilichofungwa na mlinzi ameshalala. Beba birika dogo lisilozidi wati 1,000, au chemsha kwa gesi. Mitungi ya gesi na vichwa vyake hutofautiana nchi hadi nchi, na wa nyumbani kwako huenda usipate wa kubadilisha, kwa hiyo ondoka nayo ya kutosha ndani ya hesabu yako ya uzito. Butani hushindwa kugeuka gesi hali ya hewa inapokaribia nyuzi sifuri. Kwa majira ya baridi ya Ulaya au milimani chukua propani. Funga valvu ya mtungi kabla gari halijaondoka, na kwenye treni ya chini ya bahari watakagua kama umefungwa.

Ugali hupikika vizuri kwenye jiko lile, ukitumia sufuria nyepesi na kufungua dirisha la paa, kwani mvuke wake hulowesha magodoro. Lakini nakusihi, usiingize jiko la mkaa ndani, hata kama limebaki majivu na watoto wanatetemeka. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na chumba cha mita chache hujaa upesi. Hakikisha kengele yake imo ndani ya gari na inalia ukibonyeza, kabla hujatia sahihi mkataba.

Kila asubuhi, kabla ya ufunguo kugeuzwa, tulizunguka gari kwa miguu. Mume wangu alikagua gesi, kabari na kibebeo cha baiskeli. Mimi nilikagua makabati, friji na mlango wa choo. Binti yetu mkubwa alikuwa na madirisha ya paa, na mdogo, mwenye miaka sita, tulimpa kebo ya umeme kwa kuwa ni ya rangi ya chungwa na iko kwenye kimo chake. Siku ya kumi na mbili, karibu na San Sebastián, sisi watu wazima tulikuwa tumekwisha kukaa na kufunga mikanda, injini inanguruma, naye akasimama nje na kugoma kupanda. "Mama," akasema, "bado imechomekwa."